Kupona kunakohadaa: Kwa nini vijana wa Kitui na Makueni huchelewa kujua wanaugua MS

Tuseme ni wewe. Una miaka 26, ulimaliza masomo SEKU kule Kwa Vonza na sasa una kibanda cha M-Pesa mjini Wote. Jumatatu moja jicho la kulia linaanza kuuma kila ukiligeuza. Kufikia Jumatano unaona kama unatazama kupitia kioo chenye moshi, na shati jekundu la mteja limepauka kama limefuliwa mara mia. Unaenda duka la dawa, unauziwa matone. Wiki nne baadaye jicho limerudi karibu kama zamani. Unamshukuru Mungu, unaendelea kusaka pesa.

Miezi minane inapita. Sasa ni miguu. Ganzi inaanza kwenye nyayo, inapanda magotini, inafika kiunoni. Ukitembea unayumba, na majirani wanaulizana ni lini ulianza kunywa kaluvu. Ukiinamisha shingo kutazama simu, unahisi kama stima imepita mgongoni hadi miguuni. Mkojo unakuja ghafla, na siku nyingine hauji kabisa. Ushago, kule Kathonzweni, mama anaita watu wa kanisa waje kuomba. Zahanati inakupa sindano ya maumivu na vitamini. Mwezi na nusu baadaye unatembea tena.

Swali ni hili: nani amekuponya?

Muuzaji wa duka la dawa atasema ni matone. Zahanati itasema ni sindano. Kanisa litatoa ushuhuda Jumapili. Na kama kuna mjomba aliyekupeleka kwa mundu mue usiku, naye atajipa sifa. Kila mmoja ana ushahidi, kwa sababu ulikuja ukiwa mgonjwa ukaondoka ukiwa mzima. Ila inawezekana hakuna hata mmoja aliyekuponya. Ugonjwa wenyewe ulipumzika tu, na utarudi.

Kijana huyu nimemtunga ili tuelewane. Dalili zake sikuzitunga. Hivyo ndivyo hujitokeza maradhi yanayoitwa maltipo sklerosisi, MS kwa kifupi, na nduguye NMO. Hoja yangu leo ni kwamba katika kaunti kama Kitui na Makueni, kinachowaumiza vijana zaidi si ukosefu wa mashine pekee. Ni huku kupona kwa muda. Kunamhadaa mgonjwa, kunaihadaa familia, na kunamhadaa hata mhudumu wa afya.

Ganda la waya

Fikiria waya wa stima. Ndani kuna shaba, nje kuna plastiki. Plastiki ikichunika, umeme unapotea njiani na taa inawaka ikizimika. Neva zako nazo zina ganda la mafuta linaloitwa mayelini, ambalo hufanya ujumbe kutoka kwenye ubongo usafiri haraka hadi kwenye jicho, mkono, mguu na kibofu.

Kwa mtu mwenye MS, kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, hugeuka na kulishambulia ganda hilo. Linachunika hapa na pale, ndani ya ubongo, kwenye neva ya jicho na kwenye ugwe wa mgongo, ule unaopita ndani ya uti. Shambulio likitulia, uvimbe hushuka na mwili hujaribu kupaka mayelini upya. Ndiyo maana mtu hupata nafuu. Lakini viraka huacha makovu, na kadiri mashambulio yanavyojirudia ndivyo uzi wenyewe wa neva unavyokatika. Uzi ukishakatika, haurudi.

Maradhi haya si mapya duniani. Daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot aliyaeleza kwa kina mwaka 1868, jijini Paris. NMO nayo inahusishwa na Mfaransa mwingine, Eugène Devic, aliyeielezea mwaka 1894. Kwa miaka mingi NMO ilidhaniwa kuwa aina ya MS tu. Mnamo 2004 watafiti wa Mayo Clinic, Marekani, wakiongozwa na Vanda Lennon, waligundua kingamwili inayopatikana kwenye damu ya wagonjwa wengi wa NMO. Kumbe ni ugonjwa tofauti, wenye matibabu tofauti. Hili tutalirudia, maana kuvichanganya hivi viwili kunaweza kumgharimu mtu macho.

Kinachostahili kutushtua sisi vijana ni umri. MS kwa kawaida hugunduliwa kati ya miaka 20 na 40, na wanawake wanaougua ni angalau mara mbili ya wanaume. Kwa NMO pengo hilo la wanawake ni kubwa zaidi. Huu ndio umri wa kutafuta kazi, kuoa au kuolewa, kulipia wadogo zako karo.

"Si huo ni ugonjwa wa wazungu?"

Kwa miaka mingi vitabu vya tiba vilifundisha kwamba MS ni ugonjwa wa nchi za baridi. Kadiri unavyokwenda mbali na ikweta, ndivyo wagonjwa wanavyoongezeka. Takwimu bado zinaelekea huko. Ramani ya dunia ya MS iliyotolewa mwaka 2020 na shirikisho la kimataifa la vyama vya MS ilikadiria kuwa Ulaya ina wagonjwa 133 kwa kila watu 100,000, na Afrika wagonjwa 5 tu.

Wengi huisoma tano hiyo kama sifuri. Hebu tupige hesabu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,136,187 Kitui na 987,653 Makueni. Jumla ni milioni 2.1 na ushee. Ukichukua kiwango hicho cha wagonjwa 5 kwa kila 100,000, unapata kama watu 106 katika kaunti hizi mbili. Hii ni hesabu ya kukisia; hakuna aliyekwenda kuwahesabu nyumba kwa nyumba. Ila inakupa picha: watu wa kujaza matatu saba za viti 14, na wengine wabaki stejini.

Isitoshe, kiwango cha Afrika kinahesabu waliogunduliwa. Asiyeonana na daktari wa neva haingii kwenye hesabu. Mahali pasipo na anayetafuta, ugonjwa huonekana haupo. Halafu kwa kuwa "haupo", hakuna anayefundishwa kuutafuta. Huo ni mduara, na vijana wetu wako ndani yake.

Kuna jambo jingine. NMO haifuati kanuni ya baridi. Ikilinganishwa na MS, ina mzigo mkubwa zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika na Asia. Kwa hivyo mwanadada wa Mutomo anayepofuka jicho ghafla huenda yuko kwenye kundi lenye hatari zaidi, si lenye hatari ndogo.

Nafuu inapogeuka mtego

Turudi kwa yule kijana wa Wote. Kwa nini hakuna aliyeunganisha jicho na miguu?

Kwanza, alikwenda sehemu tofauti. Jicho lilipelekwa dukani, miguu ikapelekwa zahanati, mkojo ukaonekana ni maambukizi ya njia ya mkojo, na uchovu ukaitwa uvivu. Hakuna aliyemwona mtu mzima mzima. Kila mmoja aliona kipande.

Pili, kila kipande kilipona. Maradhi mengi tunayoyajua hayafanyi hivyo. Malaria usipoitibu inazidi. Kidonda kisipotunzwa kinaoza. Tumezoea kwamba ukipata nafuu, kisa kimekwisha. MS inacheza nje ya sheria hizo, na ndiyo maana hata mhudumu mwenye nia njema anaweza kuandika "amepona" na kufunga faili.

Tatu, kuna maelezo mengine yaliyo tayari. Ukambani, ugonjwa unaokuja ghafla, unaondoka na kurudi mwilini mwa kijana wa familia yenye kesi ya shamba, haukosi mtu wa kunong'ona kwamba ni kithitu. Wengine watasema amerogwa na mwenzake wa biashara. Mwingine atashuku Ukimwi na kuanza kusambaza maneno kwenye kikundi cha WhatsApp. Sitaki kudharau imani ya mtu. Ila mgonjwa akishapewa jibu la aina hiyo, anaacha kutafuta jibu la pili, na miaka inakwenda.

Sayansi imesogea sana hapa. Mnamo Januari 2022, watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha katika jarida la Science utafiti uliofuatilia rekodi za zaidi ya wanajeshi milioni 10 wa Marekani. Waligundua kwamba hatari ya kupata MS iliongezeka mara 32 baada ya kuambukizwa virusi vya Epstein-Barr. Karibu kila mtu duniani huambukizwa virusi hivyo wakati fulani, na walio wengi hawapati MS kamwe. Kuna sababu nyingine zinazochangia. MS haiambukizi kwa kukaa pamoja, kula pamoja wala kulala kitanda kimoja.

Kisha kuna joto. Mwaka 1890 daktari Mjerumani Wilhelm Uhthoff aliandika kuhusu wagonjwa ambao macho yao yalififia wakifanya mazoezi. Leo tunajua sababu: mwili ukipata joto, neva iliyochunika hupitisha ujumbe kwa shida zaidi. Sasa chukua elimu hiyo uipeleke Kibwezi au Mtito Andei mwezi wa Februari. Saa nane mchana mgonjwa hawezi kuinua mguu. Jioni upepo ukivuma, anatembea hadi dukani. Watu watasema nini? "Huyu anajifanya. Mchana hataki kwenda shambani, jioni anatembea." Mtu haigizi hapo. Ni fizikia ya waya uliochunika. Kukaa kivulini, kitambaa chenye maji baridi shingoni na kupanga kazi asubuhi na mapema ni msaada wa kweli usiohitaji shilingi ya mtu.

Ukishuku, kinafuata nini?

Hakuna kipimo kimoja cha damu kinachosema "hii ni MS". Daktari hujenga kesi kama mpelelezi. Mwaka 2001 jopo la kimataifa lililoongozwa na Ian McDonald liliweka vigezo ambavyo vimekuwa vikirekebishwa tangu hapo. Wazo lake kuu ni rahisi: onyesha kwamba uharibifu umetokea sehemu zaidi ya moja kwenye mfumo wa neva, na kwamba umetokea zaidi ya mara moja. Mahali na wakati.

Ili kupata ushahidi huo, daktari bingwa wa neva huanza kwa kukusikiliza na kukupima kwa mikono yake: macho, nguvu, mizani, hisia. Kisha huomba picha ya MRI ya ubongo na ugwe wa mgongo. CT haitoshi, mtu anaweza kupigwa CT, akaambiwa kichwa kiko safi, na bado ana MS. Mara nyingi hutolewa pia maji ya uti wa mgongo. Jina hilo linaogofya, na uvumi wa mtaani kwamba utapooza unawafanya wengi watoroke, ilhali ni kipimo cha kawaida kinachofanywa kila siku kwa watoto wenye homa ya uti wa mgongo.

Damu nayo hupimwa, kwanza ili kuondoa maradhi yanayofanana: virusi vya HIV, kaswende, kifua kikuu, upungufu wa vitamini B12. Ukiombwa kupimwa HIV usione umetukanwa. Daktari anafunga milango mingine ili abaki na mmoja. Halafu kuna kile kipimo cha kingamwili ya NMO.

Ona sasa ramani. Mashine nyingi za MRI nchini ziko Nairobi na miji mingine mikubwa. Madaktari wa neva nao ni wachache mno na wengi wanafanya kazi Nairobi, katika hospitali kama Kenyatta na Aga Khan. Mtu wa Tseikuru atapita Kyuso, ashuke Mwingi, ashike barabara ya Thika, alale kwa jamaa Nairobi, apigwe picha, arudi nyumbani, kisha aende tena kusomewa majibu. Kwa mtu anayevuta mguu na asiyeweza kuzuia mkojo, safari hiyo ndani ya matatu ni adhabu. Na akipata nafuu wiki mbili kabla ya tarehe, familia itauliza: tuuze mbuzi wa nini na mtu ameshapona?

Hapo ndipo kupona kunakohadaa kunapokutana na umaskini. Umaskini pekee ungeweza kushindwa na mchango. Lakini nani atachangia mtu anayetembea?

Dawa zipo, tena si zote za matajiri

Kosa kubwa katika mazungumzo ya maradhi haya ni kudhani kwamba hata ukigundua, hakuna la kufanya. Hilo lilikuwa kweli karibu yote hadi mwaka 1993, wakati Marekani ilipoidhinisha dawa ya kwanza ya kupunguza mashambulio ya MS, interferoni. Leo dawa za aina hiyo ni zaidi ya 20. Haziponyi ugonjwa, ila hupunguza mashambulio na kuchelewesha ulemavu. Zinafanya kazi vizuri zaidi zikianzwa mapema, neva zikiwa bado hazijakatika. Ndiyo maana kila mwaka unaopotea una maana.

Shambulio lenyewe likija, tiba ya kawaida ni methilprednisoloni, gramu moja kwa siku kupitia dripu, kwa siku 3 hadi 5. Hii haihitaji Nairobi. Hospitali ya rufaa ya kaunti yenye daktari, dripu na uwezo wa kupima sukari na presha inaweza kuitoa. Kwa NMO haraka ni muhimu zaidi, kwa sababu shambulio moja lisilotibiwa linaweza kumwacha mtu kipofu au kwenye kiti cha magurudumu. Wengine huhitaji kusafishwa plazma ya damu, huduma ya hospitali kubwa.

Ili kuzuia NMO isirudi, madaktari wametumia kwa miaka mingi dawa za zamani kama azathioprini, na rituksimabu ambayo asili yake ni tiba ya saratani ya limfu. Na hapa ndipo tahadhari ile niliyoiahidi: baadhi ya dawa za MS, interferoni ikiwemo, zinaweza kuzidisha NMO. Kukisia hakufai.

Habari njema ilikuja Julai 2023. Kwa mara ya kwanza Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa za MS kwenye orodha yake ya dawa muhimu: kladribini, glatirama na rituksimabu. Rituksimabu ina maana kubwa kwetu. Si dawa rahisi, ila ina nakala zinazotengenezwa na kampuni mbalimbali zenye bei ya chini kuliko dawa mpya za MS, na wodi za saratani zinaijua tayari.

SHA inaingia wapi?

Kaunti hizi mbili zina historia ya kujaribu. Makueni, enzi za Gavana Kivutha Kibwana, ilizindua MakueniCare mwaka 2016. Familia ililipa Sh500 kwa mwaka na kutibiwa katika hospitali za kaunti. Kitui nayo ikafuata na bima yake ya KCHIC chini ya Gavana Charity Ngilu. Mipango hiyo ilithibitisha kwamba watu wa kaunti kavu wanaweza kupata huduma bila kuuza ng'ombe. Mpaka wake ulikuwa huu: ilifunika kilichopo ndani ya kaunti. Ugonjwa unaohitaji MRI na daktari wa neva ulikuvusha mpaka.

Tangu Oktoba 1, 2024 tuko chini ya SHA. Mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75, na asiye na mshahara analipa kulingana na tathmini ya hali yake, kima cha chini kikiwa Sh300 kwa mwezi. Sheria imeunda hazina tatu: ya afya ya msingi, ile ya bima yenyewe, na ya dharura na maradhi sugu. Kwenye karatasi, hazina hiyo ya tatu ndiyo makao ya mtu mwenye MS. Lakini mjadala wetu wa umma kuhusu maradhi sugu umetawaliwa na saratani na figo. Ni haki, hao ni wengi na wamepaza sauti. Mwenye MS hana wodi, hana foleni inayopigwa picha na wanahabari. Anatembea leo, kesho hawezi.

Dawa ileile ya rituksimabu, chupa ileile, ikiandikwa kwa mgonjwa wa saratani ya limfu inaingia kwenye mlango unaojulikana. Ikiandikwa kwa msichana wa Makindu mwenye NMO, mlango wake ni upi? Hilo ndilo swali ambalo wabunge na maseneta wa Ukambani wanafaa kuliuliza kwa maandishi.

"Kuna njaa, wewe unaongea MRI?"

Najua utakachosema. Kitui watu wanafuata maji kilomita nyingi. Kuna kuumwa na nyoka, kuna malaria, kuna akina mama wanaojifungua njiani. Kwa nini tutenge pesa kwa watu mia moja?

Hoja hiyo ina uzito, na mtu mkweli hawezi kuipuuza. Ndiyo maana sipendekezi MRI katika kila mji. Mashine isiyo na mtaalamu wa kuisoma ni chuma tu, na nchi hii tayari imewahi kununua vifaa vya hospitali vilivyokaa kwenye makasha. Ninachopendekeza ni vitu vya bei ndogo vinavyolenga kile kinachotuchelewesha: kutoshuku. Ramani ile ya 2020 iliripoti kuwa asilimia 83 ya nchi zina vikwazo vya kugundua MS mapema, na miongoni mwa vilivyotajwa sana ni watu na wahudumu wa afya kutojua dalili.

Cha kwanza ni kanuni fupi ukutani mwa kila zahanati: kijana akipoteza kuona jicho moja kwa siku chache huku likiuma, au akipata ganzi inayopanda kutoka miguuni, au kwikwi na kutapika kusikokoma kwa siku nyingi bila sababu ya tumbo, muulize kama amewahi kupatwa na jambo jingine kama hilo. Akisema ndiyo, mpe rufaa hata kama leo ana nafuu. Kwa jicho au miguu inayozidi kudhoofika, asisubiri. Aende hospitali siku hiyo. Vyuo vya KMTC viko Kitui, Makueni na Makindu. Wanafunzi wao ndio watakaokaa kwenye zahanati hizo.

Cha pili ni rekodi moja. Vigezo vya McDonald vinauliza mahali na wakati. Jibu liko kwenye daftari zilizotawanyika. Sheria ya Afya ya Dijitali ya 2023 iliahidi rekodi inayomfuata mgonjwa. Ikitekelezwa vizuri, jicho la Wote na miguu ya Kathonzweni vitaonekana kwenye ukurasa mmoja.

Cha tatu ni kliniki ya pamoja. Kitui, Makueni na Machakos tayari ziko kwenye muungano wa kiuchumi wa SEKEB. Kaunti tatu zinaweza kumlipa daktari mmoja wa neva aje mara moja kwa mwezi na kuwaona wengine kwa video. Huyo hatawaona wenye MS pekee. Kifafa na kiharusi, ambavyo vina wagonjwa wengi zaidi, vitapata mtaalamu pia. Hapo hoja ya "watu mia moja" inakwisha.

Cha nne ni kliniki za akina mama. MS hutulia mara nyingi wakati wa ujauzito, kisha hatari ya shambulio hupanda miezi michache baada ya kujifungua. Mama anayesema miguu imekufa ganzi akiwa amebeba mtoto wa miezi miwili asiambiwe tu kwamba ni uchovu wa uzazi.

Makueni imejijengea jina kwa vikao vya umma kuanzia kijijini. Bajeti hupitia huko. Vijana wengi huviona kama mkutano wa wazee na soda. Ila mstari mmoja wa bajeti ya daktari wa neva unaweza kuanzia hapo, ukisemwa na mtu aliyejiandaa.

Na wewe unayesoma hili kwenye mat ukitoka kazini, kuna kitu cha kufanya leo, bila kumsubiri gavana. Fungua sehemu ya kuandika kwenye simu yako. Kama umewahi kupatwa na jambo la ajabu mwilini lililokaa zaidi ya siku moja kisha likaondoka lenyewe, andika tarehe, upande wa mwili, lilikaa siku ngapi, na ulipewa dawa gani. Mpigie dada yako wa Mwingi au binamu wa Emali umuulize hivyohivyo. Likirudi, au likija lingine, nenda na maandishi hayo kwa daktari. Uchovu au ganzi ya mara moja kwa kulalia mkono si MS, kwa hivyo usianze kuogopa kila kitu. Ila mtu akikuambia umepona, muulize swali moja: nimepona nini?